Mwegemeze kwanza, ndipo acheze

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amekalishwa mkekani. Mikono yote miwili ameikita sakafuni ili asianguke. Mbele yake pana gari jekundu la plastiki analolipenda, na haligusi. Watu humwita mvivu, au husema hapendi vitu vya kuchezea. Itazame mikono yake vizuri: imekuwa nguzo za kiwiliwili, na nguzo haiwezi kuondoka mahali pake ikachukue gari. Sasa kunja blanketi, lizungushe nyuma ya kiuno chake na mbavuni pande zote mbili, kisha kaa kimya. Mkono mmoja utanyanyuka kabla hujamwambia neno.

Hiyo ndiyo fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) ya mtoto mwenye misuli dhaifu, kwa njia ya mchezo, na makosa mengi tunayoyaona majumbani yanatokana na kuigeuza kinyume. Mtoto anaachwa bila egemeo ili "ajitahidi", anaanguka mara tatu, na siku ya nne analia akiuona mkeka unatandikwa.

Tunaowazungumzia ni watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 ambao udhaifu wao unatoka kwenye misuli yenyewe au kwenye neva zinazoiamuru. Tutashika mfano wa SMA (kwa Kiingereza, spinal muscular atrophy) aina ya 2, kwa kuwa ndani yake mambo haya yanaonekana waziwazi. Ni ugonjwa wa kurithi. Jeni iitwayo SMN1 ina hitilafu, seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zinakosa protini zinayoihitaji, zinakufa, na misuli iliyokuwa ikipokea amri zao inasinyaa. Dalili hujitokeza kati ya mwezi wa 6 na wa 18. Mtoto huweza kukaa, lakini hafiki kutembea peke yake. Miguu ni dhaifu kuliko mikono, mabega na nyonga ni dhaifu kuliko vidole. Akili haijaguswa, na wengi wao ni wasemaji hodari. Hilo lina uzito mkubwa katika kuchagua mchezo: ukimletea kichezeo cha kutikisa cha mtoto mchanga kwa sababu mikono yake haina nguvu, atakichoka kwa dakika moja. Anataka kupika, kuuza duka, kuendesha gari na kuangusha vitu, kama wenzake wa rika lake.

Tangu Desemba 2016, dawa ya kwanza ya SMA ilipoidhinishwa Marekani, zimepatikana dawa zinazobadilisha mwendo wa ugonjwa, ingawa bei yake bado ni mlima kwa familia nyingi za Afrika Mashariki. Aliyepata dawa na asiyepata, wote wawili wanahitaji kazi hii ya kila siku.

Kabla ya mchezo wowote, hakikisha mtoto amechunguzwa. Kulegea kuna sababu nyingi, na nyingine zina tiba: upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, matege yanayotokana na ukosefu wa vitamini D, utapiamlo. Na mtoto aliyekuwa mzima kisha miguu ikalegea ghafla ndani ya siku chache si wa kuchezeshwa nyumbani. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Ulegevu wa ghafla kwa mtoto yeyote chini ya miaka 15 hutolewa taarifa kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio, na sampuli 2 za choo huchukuliwa kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze.

Tuingie kwenye lile linalobishaniwa zaidi: "ukimwegemeza utamzoesha." Mtoto mwenye misuli mizima huimarika kwa kupambana, kwa sababu misuli yake ikichoka leo hujijenga usiku. Mwenye SMA ana neva chache zinazofanya kazi, na zote ziko kazini tangu anapoamka. Kumwongezea kazi ya kujizuia asianguke ni kumla nguvu alizokuwa azitumie kuchezea. Isitoshe, egemeo si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliandika jinsi mama wa Kikipsigis, nchini Kenya, walivyomfundisha mtoto mzima kukaa: walimweka kwenye kishimo kifupi ardhini, au wakampangia blanketi za kumshika mgongo. Shimo lile lilikuwa kiti. Mtoto mwenye misuli dhaifu anahitaji hichohicho kwa muda mrefu zaidi, na kwa vipimo vya makini zaidi.

Sasa uzito. Wataalamu hupima nguvu ya msuli kwa daraja 0 hadi 5. Msuli wa daraja la 3 unaweza kuinua kiungo kukiwa hakina mzigo mwingine ila uzito wake chenyewe. Wa daraja la 2 unaweza kukisogeza ikiwa tu uzito huo umebebwa na kitu kingine. Mkono mzima wa mtoto wa kilo 10 una karibu nusu kilo. Kwa hiyo mtoto anayeshindwa kuinua mkono hewani anaweza kuutelezesha mezani vizuri kabisa, na misuli ya bega ikafanya kazi ileile. Ukitoa mchezo hewani ukauleta mezani, ghafla "ameweza", na uzito wa mkono ndio pekee uliobadilika.

Chukua sinia pana la plastiki au bati lisilo na mikwaruzo. Kata soksi ya naelo pande zote mbili, umvalishe kuanzia juu ya kiganja hadi juu ya kiwiko, vidole vibaki wazi. Mkono utateleza kwenye sinia kwa msukumo mdogo sana. Usinyunyize poda wala unga ili kuongeza utelezi, kama wengine wafanyavyo. Vumbi lile likiingia kifuani mwa mtoto asiyeweza kukohoa kwa nguvu, halitoki kirahisi. Weka kichezeo sentimita 5 mbele ya pale vidole vinapofika, si 20. Akikifikia mara tatu au nne bila kukunja uso, kisogeze sentimita 2 zaidi, na sasa kiweke upande, kwa sababu kunyoosha mkono mbele na kuupeleka kando ni misuli tofauti.

Meza ikishazoeleka, kuna njia ya kumpa mkono "mabawa": kitanzi cha kitambaa chenye upana wa vidole 4, kikiwa kimening'inizwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwenye fito iliyo juu ya meza. Kigasha kinakaa ndani ya kitanzi, mpira unabeba uzito, na mtoto anaweza kufikisha kijiko mdomoni au kumvisha mwanasesere kofia. Ukikaza mpira mno, mkono utaelea na atashindwa kuushusha. Kipimo kizuri ni mkono kutulia wenyewe usawa wa kifua. Kitanzi hiki kinatumika ukiwa umekaa hapo tu, na ukiondoka kinaondoka nawe, kwa kuwa kitu chochote kinachoning'inia karibu na shingo ya mtoto ni hatari.

Ipo kanuni moja tungependa ibandikwe ukutani: kazi moja kwa wakati mmoja. Mkao ukiwa mgumu, mchezo uwe mwepesi. Mchezo ukiwa mgumu, mkao uwe na egemeo kamili. Mtoto anayejifunza kukaa bila kushikwa mbavu apewe kitu cha kutazama au kupuliza, si cha kubeba. Mtoto anayejifunza kuinua kikombe awe ameegemea mgongo, ubavu na viwiko. Vyote viwili vikiwa vigumu mtoto huacha kimoja, na mara zote huacha mchezo.

Kwa hiyo kiti ndicho kifaa cha kwanza, na kinastahili kupimwa kwa futi ya fundi cherehani. Kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili. Kikizidi, mtoto huteleza mbele na mgongo hupinda kama upinde. Urefu wa kiti kutoka chini: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino akiwa amevaa viatu au mabuti yake. Nyayo zikining'inia, kiwiliwili hakina msingi. Pande: mito ya kushika mbavu, ifike vidole viwili chini ya kwapa, isiguse kwapa lenyewe. Meza iwe usawa wa kiwiko au sentimita 2 juu yake, ikatwe nusu duara ili imzunguke tumbo na viwiko vipate pa kulala. Mkanda upite nyongani, kwenye kona ya paja na tumbo. Ukipita tumboni unambana pumzi, na bado atateleza.

Si lazima ununue. Kiti imara kinatengenezwa kwa maboksi na gundi ya unga, ufundi uliokuzwa Zimbabwe tangu miaka ya 1970. Pika kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 hadi 5 vya maji mpaka uwe kama uji mzito. Gundisha tabaka 4 au 5 za boksi, na kila tabaka mistari yake ya ndani ikatize ile ya tabaka la chini. Ikifuata upande mmoja, ubao utakunjika hapo. Weka mawe juu usiku kucha, kisha anika. Wengi hufeli hapa: juu panakauka kwa siku moja, ndani bado ni mbichi, wanapaka rangi, na baada ya wiki mbili kiti kinalegea na kunuka kuvu. Pwani wakati wa masika subiri zaidi, na ugonge ubao kwa kidole: mkavu hulia kama kibuyu, mbichi haulii. Ndipo ubandike vipande vya karatasi kwenye kingo zote na upake vanishi kila mahali, chini pia, maana mende na panya wanaipenda gundi ya unga.

Sakafuni kuna mikao mitatu inayofaa. Wa ubavu ndio tunaoupenda kuliko yote: kanga iliyoviringwa nyuma ya mgongo, mto mwembamba chini ya kichwa, mguu wa juu ukiwa juu ya mto ili nyonga isianguke mbele. Viganja vyote viwili vinakutana mbele ya uso bila kubeba uzito wowote, na mguu wa juu unaweza kupiga teke mfuko mwepesi ulioning'inizwa. Geuza upande baada ya mchezo mmoja, la sivyo uti wa mgongo utazoea kupinda upande mmoja. Wa chali una tatizo lake. Miguu hujifungua nje kama ya chura, na ikiachwa hivyo kila siku nyonga hukakamaa. Viringa kanga mbili, ziweke nje ya mapaja mpaka magoti yaelekee dari. Wa kifudifudi ni mgumu kwa shingo dhaifu. Mlaze juu ya mto wenye mteremko, kifua kikianza pale mto ulipo juu, mikono ikishuka mbele, na dakika 2 zinatosha kuanzia. Akishusha uso mtoni mgeuze mara moja, kwa kuwa huenda asiweze kuugeuza mwenyewe.

Vitu vya kuchezea vipimwe kwa mkono wako: usipousikia uzito wake, unafaa. Chupa tupu ya maji ya nusu lita, vikombe vya plastiki vya sherehe, leso, sponji iliyokatwa vipande vikubwa, kijiko cha mbao chembamba. Sufuria iliyofunikwa kifudifudi mapajani ni ngoma inayolia kwa kuangusha mkono tu, na kuinua mkono ili upige tena ndilo zoezi. Mnara wa vikombe uwe wa vikombe vitatu, chini ya usawa wa bega. Chupa iliyojazwa mchele, ambayo wengi hutengeneza kwa nia njema, inazidi gramu 400. Hiyo ni karibu sawa na mkono wake mzima. Tia punje kumi tu, sauti itatosha. Puto tuliache: ni jepesi kweli, lakini likipasuka na kipande chake kikavutwa kooni ni hatari kwa mtoto yeyote, sembuse asiyeweza kukohoa. Na chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni hakifai kwa umri huu.

Mchezo wa kujificha kwa kanga una ngazi zake. Kwanza kanga iwe kifuani, anaivuta chini. Kisha usoni, kwa sekunde tu na kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Kisha utosini, na hiyo inamtaka ainue kiwiko juu ya bega, kazi nzito mno kwa SMA. Shika kiwiko kwa kiganja chako kutoka chini, ubebe nusu ya uzito, na umwache yeye amalize kwa vidole. Usimvute mkono. Ukiuvuta, zoezi umelifanya wewe.

Kwa kiwiliwili, mkalishe kwenye paja lako akitazama meza. Shika mbavu kwa viganja vyote viwili. Kichwa na mgongo vikitulia kwa mchezo mzima siku kadhaa mfululizo, shusha mikono hadi kiunoni, kisha nyongani. Inua goti lako sentimita 1 tu upande mmoja, naye atajisawazisha. Kosa la kawaida ni kumrusharusha ili acheke. Shingo haiwezi kukimbizana na kasi hiyo. Na usimnyanyue kwa kumshika makwapa: mabega yake hayabani, atapenya mikononi mwako. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya kifua na shingo, kila mara. Mbeleko inafaa, maana inafungua nyonga vizuri na kushika mgongo, mradi kanga ifike usawa wa masikio kumshikia kichwa, na asiwe na shida ya kupumua.

Kusimama ni muhimu kwa mifupa, nyonga na matumbo, hata kwa mtoto ambaye hatatembea. Anahitaji fremu ya kusimamia yenye kushika magoti, nyonga na kifua, nyayo zikiwa bapa. Lengo ni kufika dakika 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki au zaidi, lakini anza na 5, na meza ya mchezo iwe mbele yake tangu sekunde ya kwanza. Kile kigari cha magurudumu cha kuning'inizia watoto si mbadala. Mtoto hutundikwa kwenye kitambaa, anagusa chini kwa ncha za vidole, na kisigino hukaza haraka zaidi.

Kuhusu kisigino: wakati wa kusimuliwa hadithi, nyoosha goti, ukishike kisigino chote ndani ya kiganja, unyayo ukilala kwenye kigasha chako, kisha vuta kisigino kuelekea kwako huku kigasha kikisukuma unyayo juu. Hesabu hadi 30 taratibu, rudia mara 3 hadi 5. Ukisukuma vidole peke yake, mguu hukunjika katikati na kisigino kinabaki juu palepale, huku wewe ukidhani umefaulu. Maumivu hayatakiwi. Na hapa tuseme na bibi na shangazi wote kwa heshima: kumpaka mtoto mafuta kwa upole ni vizuri, ila kumkanda kwa nguvu na kumnyoosha viungo kwa mvuto wa ghafla, kama anavyofanyiwa mtoto mzima baada ya kuoga, kunaweza kumvunja mfupa. Mifupa isiyobebeshwa uzito huwa myepesi.

Maji ni rafiki mzuri, kwa sababu hubeba miguu isiyoweza kunyanyuka nchi kavu. Beseni kubwa, maji ya uvuguvugu wa nyuzi 33 hadi 36, yakifika kiunoni. Yakifika kifuani yanabana mbavu dhaifu. Mkono wako usitoke nyuma ya shingo yake hata mara moja. Mtoto huyu akiangusha uso kwenye maji ya sentimita 5, huenda asiweze kuuinua.

Muda: vipindi 4 hadi 6 vya dakika 5 hadi 10 kwa siku vina faida kuliko saa nzima mfululizo. Usianze ana njaa, wala mara tu baada ya kula. Uchovu hauji kwa kilio kwanza. Huanza kwa kichwa kuinama, mkono mmoja kurudi kuwa nguzo, pua kupanuka, maneno kupungua. Acha hapo hapo. Akiamka kesho yake akiwa dhaifu kuliko kawaida, jana mlizidisha, punguza nusu. Mwenye miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka kadiri inavyotumika, hulegea jua linavyozama, kwa hiyo mchezo wake uwe asubuhi au baada ya dawa. Mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaoharibu misuli yenyewe, asifundishwe kuruka wala kushuka ngazi mara kwa mara, kwa sababu msuli unaorefuka huku ukibeba uzito ndio unaochanika. Siku za homa au mafua, mazoezi husimama. Na ukiona tumbo linapanda huku kifua kinazama kwa kila pumzi, ikiwa si kawaida yake au imezidi, hilo ni la hospitali.

Jambo dogo linaloharibu mengi: watu wazima wana haraka. Ukishampa kichezeo, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusaidia. Msuli dhaifu huchelewa kuanza, na mara nyingi tunamkatiza katika hesabu ya nne, pale vidole vilipokuwa vimeanza kusogea.

Na asibaki mahali pamoja. Rika lake wanazunguka nyumba nzima, wanafungua makabati. Wazazi nchi mbalimbali wametengeneza viti vidogo vya kujiendesha kwa kiti laini cha mtoto cha kukalia sakafuni, ubao wa kukatia mboga, magurudumu 2 ya baiskeli ya mtoto ya inchi 12 na vigurudumu vidogo vya kuzunguka. Fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuifanya kazi hiyo. Ekseli ikae chini ya nyonga, si nyuma yake, ili vidole vifike kwenye gurudumu bila bega kuvutwa, na kigurudumu kimoja kiwe nyuma kuzuia kupinduka. Siku za kwanza atazunguka mahali pamoja: mkono wa kulia ukiwa na nguvu zaidi, kiti hupinda kushoto. Usimgeuze. Liweke lile gari jekundu upande wake wa kulia, umbali wa hatua moja, na mkono wa kushoto utaanza kusukuma.